Nilipigwa Picha ya Kifua kwa Jina la Dada Yangu

Daktari alifunga mlango, akavaa barakoa, kisha akaniita kwa jina la dada yangu.

Nikaitika.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuitikia jina lile nyumbani mpaka watoto wa dada wakanicheka, lakini siku hiyo ulimi ulikuwa mzito kama nimetafuna sabuni. Jina halikuwa langu. Pasi iliyokuwa mezani haikuwa yangu. Hata safari yenyewe haikuwa yangu.

"Unaishi na nani nyumbani?" akaniuliza.

Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitiririka mgongoni. Nikajua tumekamatwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, mnielewe nilifikaje pale.

Dada yangu ni mshonaji. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado mdogo, akanichukua, akanilea pamoja na wanawe wawili. Mkubwa ni wa kike, ana maneno kuliko umri wake. Mdogo tulikuwa tunamwita Kibonge, kwa sababu ya mashavu. Baba yao aliondoka akisema anakwenda kutafuta maisha, na nadhani bado anayatafuta mpaka leo.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya samani. Kazi yangu ilikuwa kujaza sponji kwenye makochi na kushona vitambaa juu yake. Vumbi la sponji lilikuwa linaingia kila mahali, puani, kooni, mpaka kwenye chai. Nilikuwa nakohoa, lakini karakana nzima tulikuwa tunakohoa. Nani angejali?

Basi, rafiki wa Dada aliyekuwa ametangulia ng'ambo akampata mwajiri. Nyumba ya kutunza wazee, wanataka mtu mpole, mwenye mikono ya kazi. Kazi ilikuwa ya kweli kabisa, maana Dada alizungumza na yule mama msimamizi kwa video, akamwonyesha hadi kitanda atakacholalia.

Kilichobaki ni viza. Na viza ndiyo iliyomleta Bosi Mihuri, wakala wa safari, maishani mwetu.

Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la kutengeneza simu. Kiti kimoja, feni moja, na mihuri imejaa mezani kama karanga. Siku ya kwanza alitutandikia njia zote kama mchuuzi anavyotandika bidhaa. Viza ya masomo, akasema, unalipa ada kabla hujaliona darasa, na benki uwe na pesa zilizolala ambazo huruhusiwi kuziamsha. Viza ya matembezi ni rahisi kuombwa lakini ngumu kupewa, maana lazima uwaridhishe kwamba utarudi, na wakikukuta unafanya kazi wanakurudisha jina likiwa limechafuka. Viza ya ndoa, mpaka upate mume wa kule.

Dada akasema mume mmoja alimtosha. Tukacheka.

Kwa hiyo ikawa viza ya kazi. Mwajiri anakuandikia, anakudhamini, wewe unakamilisha yaliyobaki.

Jamani, hayo yaliyobaki.

Ada ya maombi. Bima ya afya. Mtihani wa lugha. Cheti cha polisi. Kutafsiri vyeti vya shule. Tiketi. Pesa ya kuishi kule mpaka mshahara wa kwanza utoke, jambo ambalo Bosi Mihuri alilitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Na kila hatua, yeye mwenyewe alikuwa na chake.

Friji likaondoka. Kitanda cha Dada kikaondoka, akawa analala chini na watoto. Siku alipouza cherehani yake, ile aliyokuwa akiifunika kwa shuka kila jioni kama mtoto mchanga, niliogopa kwa mara ya kwanza. Cherehani ndiyo iliyokuwa inatulisha. Baada ya hapo hapakuwa na pa kurudi. Ni kwenda tu.

Halafu kikaja kipimo cha kifua.

Dada aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa msichana. Alimeza dawa zote, akapona, tukasahau. Sasa Bosi Mihuri akamshauri apige kwanza picha kwenye kituo kidogo cha mtaani, ili ajue hali kabla ya kwenda kwenye kliniki rasmi ya viza. Picha ikatoka. Juu ya pafu la kulia palikuwa na alama, nyeupe, ndogo kama ukucha.

Bosi Mihuri aliiinua dirishani, akaitazama sana, kama daktari bingwa.

"Hii safari imefia hapa," akasema. "Wakiiona hii hawakuulizi mara mbili. Labda apatikane mtu wa kifua safi."

Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Mimi na Dada tumefanana kama tumefyatuliwa. Nikasema, na wao si wana picha ya pasi? Bosi Mihuri akajibu kwamba wale wanaona sura elfu kwa wiki, hawana muda wa kutofautisha pua na pua.

Dada hakunibembeleza. Alikaa kimya tu, akivutavuta uzi kwenye gauni lake. Na mtu aliyekulea akikaa kimya namna ile, utasema nini? Nikakubali.

Ndiyo nikajikuta kwenye kliniki ile, nimepigwa picha asubuhi, nimeambiwa nisubiri, wenzangu wote wameitwa wakapewa bahasha zao na kuondoka, mimi nimebaki na benchi. Halafu daktari akaniita, akafunga mlango, akavaa barakoa.

Akauliza kama nakohoa. Nikasema ni vumbi la kazini. Nikakumbuka kuwa Dada ni mshonaji, nikaongeza, vumbi la vitambaa. Akauliza kama natokwa jasho usiku. Kama nguo zimeanza kunipwaya. Kila swali lilikuwa linanipata kama jiwe, maana majibu yote yalikuwa ndiyo, na mimi nilikuwa nasema hapana.

Akasema kuna kitu kwenye picha ambacho hakipendi. Nitoe makohozi yapimwe, na nisiondoke.

Aliponipa kikopo na kutoka kumwita muuguzi, niliondoka.

Sikukimbia. Nilitembea kama mtu aliyesahau kitu kwenye gari. Nilipopita geti ndipo miguu ikajua kazi yake.

Pasi ya Dada niliiacha mezani.

Nilipowaeleza, Dada alikaa chini. Bosi Mihuri yeye hakuuliza afya yangu. Alisema wamegundua. Stori ya makohozi ni mtego, akasema, walikuwa wanakuchelewesha ili polisi wafike. Kutumia jina la mtu kwenye mambo ya viza ni jela, wote wawili, na watoto watalelewa na serikali. Akatuonya tusikanyage hospitali yoyote, kwa sababu hospitali zote zinasomana kwenye kompyuta.

Tukamwamini. Mtu mwenye hofu anamwamini yeyote anayeongea kwa uhakika.

Siku iliyofuata simu ya Dada ikaanza kuita.

Namba ngeni. Asubuhi, mchana, jioni. Hatukupokea. Ikawa ikiita, wote wanne tunaitazama pale chini sakafuni ikitetemeka kama mdudu, hakuna anayepumua. Binti mkubwa aliuliza kwa nini hatupokei simu ya watu. Dada alimkatiza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kisha akaja mtu.

Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba nilipomsikia mwanamke uani akimwulizia Dada kwa jirani, kwa jina kamili, lile la kwenye pasi. Nilichungulia. Mama wa makamo, viatu vya kufunga, mkoba mkubwa mweusi begani. Hakuwa na sare. Bosi Mihuri alikuwa ameshatuambia: askari wa upelelezi hawavai sare.

Niliingia kwenye choo cha jirani, nikajifungia. Kikohozi kikanipanda. Nilijiziba mdomo kwa kanga, nikaiuma mpaka machozi yakanitoka, na yeye yuko hatua chache tu, anaongea kwa upole, anasema atarudi.

Nilipoitoa kanga mdomoni, ilikuwa na damu.

Sikumwambia Dada. Niliifua.

Tulihama wiki hiyo hiyo. Tukapata chumba kimoja mtaa mwingine, kidirisha kimoja, na hicho tulikipigilia kadibodi tusionekane. Watoto tuliwaachisha shule. Mimi kazini sikurudi tena. Tulikuwa tunalala wanne kwenye godoro moja, mimi ukutani, nakoholea kwenye mto. Joto, giza, hewa ile ile tunapokezana.

Dada alikuwa anasikia. Nilikuwa namhisi gizani ameshikilia pumzi mpaka kikohozi changu kipite, na mimi namhurumia yeye kuliko ninavyojihurumia. Nilikuwa nimepungua mpaka pete ya mama inanivuka kidoleni.

Kisha siku moja, nikiwa nimelala mchana, nikasikia kikohozi ambacho si changu.

Kidogo, kikavu.

Kibonge alikuwa amekaa kwenye kona, hachezi. Chakula alikuwa amekisukuma pembeni. Nikamshika mkono, ulikuwa wa moto. Mashavu yale yaliyompa jina sikuyaona. Yaliisha lini, na sisi tulikuwa tunatazama nini?

Dada akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi.

Simu ikaanza kuita. Namba ile ile. Walikuwa hawajaacha.

Nikamwambia asipokee. Nilimwambia kwa kumsihi, na nikamkumbusha jela. Akapokea, akaweka sauti ya juu ili na mimi nisikie. Akasema yeye ndiye mwenye jina, lakini aliyepigwa picha siye yeye, ni mdogo wake. Maneno yote yakamtoka kwa pumzi moja, kama mtu anayetapika.



"Mwanangu," sauti ya mwanamke ikasema, "mimi ni muuguzi. Sina shida na nani ni nani. Niambie tu, huyo anayekohoa yuko wapi?"

Dada akamwelekeza, naye akafika kabla ya jua kuzama. Alikuwa ni yule mama wa viatu vya kufunga. Aliweka mkoba wake mweusi mezani, akaufungua, na mimi nikajibana ukutani, bado nikiwa na akili ya pingu.

Zilikuwa dawa.

Vidonge, vikopo vya makohozi, barakoa. Mama wa watu alikuwa ametembea mitaa yote ile, akiuliza milango, na mkoba wenye dawa ambazo hata hazilipiwi. Kliniki ilikuwa imemkabidhi jina la Dada, namba yake ya simu na mtaa wetu siku ile ile niliyotoroka. Hakukuwa na polisi. Hakuwahi kuwepo.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa ile kadibodi dirishani.

Vipimo vilithibitisha kifua kikuu, mimi na Kibonge. Binti mkubwa na Dada walikuwa salama. Mimi nilimeza dawa nusu mwaka, na Kibonge akameza zake akizitemea kila mtu. Tumepona wote wawili. Mashavu yamerudi.

Dada alikwenda mwenyewe kwa daktari yule kueleza ukweli. Nilimsindikiza. Hakumlaumu Bosi Mihuri wala mimi. Alisema mpango ulikuwa wake na yeye ndiye mkubwa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aione ile picha ya mtaani. Akaiweka kwenye taa. Akauliza alimeza dawa lini, na kama alimaliza.

"Hili ni kovu," akasema. "Ugonjwa ulishaisha miaka mingi. Tungekupima makohozi, ungesubiri majibu, ungeendelea na safari yako."

Dada akamwuliza, hata na alama hii?

Akasema hata na hiyo. Watu wenye makovu kama lile wanapita pale kila mara.

Nilimwona Dada akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Lakini jina lilikuwa limeshachafuka. Udanganyifu ulibidi uandikwe, na ukaandikwa. Maombi yakafutwa, akafungiwa kuomba tena kwa miaka kadhaa. Nafasi kwa wale wazee akapewa mwingine. Jela hatukwenda. Bosi Mihuri simu yake haikupatikana tena, na kwenye ule mlango wa nyuma ya duka sasa kuna mtu anauza miwani.

Dada ameajiriwa kwenye duka la sare za shule. Anashona kwa mashine ya mtu. Kuna siku namkuta ametulia, mguu uko kwenye pedali lakini haukanyagi, na najua yuko wapi kimawazo. Siku moja nilimwomba msamaha kwa ile damu niliyoifua kimya kimya. Akaniambia nisiombe. Akasema aliiona.

Nawaandikia ninyi mnaotaka kusafiri, na sisemi msisafiri. Nendeni, dunia ni ya wote. Ila mkiambiwa gharama, mjue kuna isiyokuwa kwenye risiti: yale mtakayokubali kufanya mkishauza kila kitu na hampati tena pa kurudi. Pale ndipo mtu anapokuuzia hofu, nawe unanunua bila kuuliza bei. Mwulize mwenye kazi yake. Kovu mwulize daktari, viza waulize wanaoitoa. Swali moja tu, na sisi hatukuliuliza.