Aliyetoka Fora Mwamsheni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa bado kijana, sijaoa. Jua lilikuwa juu, nami nilikuwa nimeketi mlangoni pa chumba cha kaka yangu Barisa, nyumbani kwetu si mbali na Garsen, nikifukuza watoto wasipige kelele. Ndani Barisa alikuwa anakoroma. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka fora, ile kambi ya ng'ombe tunayoiweka mbali na nyumbani malisho yanapokauka. Kwetu, aliyetoka fora huachwa alale mpaka aamke mwenyewe. Hata mkewe hamsemeshi. Ni heshima yetu kwa mtu aliyekesha akifukuza fisi kwa ajili ya mali ya wote.

Lakini Barisa hakwenda fora kwa ajili ya malisho. Alipelekwa.

Nikueleze ilivyoanza. Aliumia kiuno akivusha ng'ombe mtoni. Mwenzake akampa tembe ya tramadoli, dawa ya maumivu ambayo kwa haki hutolewa kwa cheti cha daktari, ila yeye aliipata dukani kama mtu anavyonunua peremende. Maumivu yakaisha. Tena akaona kwamba akiimeza anaweza kuswaga ng'ombe hadi mnadani bila kusinzia. Basi akawa anaimeza hata kiuno kikiwa kizima. Baadaye tembe moja haikumtosha, na akiikosa alitoka jasho, akaharisha, akatetemeka kama mwenye homa. Dawa hiyo ni ya jamii ya afyuni, ila hutengenezwa kiwandani. Hilo sisi hatukulijua. Sisi tulisema kijana ameharibika tabia.

Wazee wakakata shauri apelekwe fora, mbali na maduka, anywe maziwa mpaka sumu imtoke. Huko alipata degedege, wachungaji wakadhani ni pepo, wakamsomea. Mungu akamnusuru. Baada ya wiki kadhaa alirudi nyumbani amenenepa, anacheka, mashavu yanang'aa. Mama alipiga vigelegele. Barisa akanywa chai, akatoka kidogo kusalimia rafiki zake kule madukani, akarudi, akasema amechoka, akajilaza.

Jirani yetu mmoja akapita na ndoo yake kichwani, akasimama kusikiliza.

"Huyo analala au anasaga mahindi?"

"Mwache mwanangu," Mama akajibu huku akicheka. "Wewe mumeo hakoromi?"

"Wangu hukoroma, lakini hapumziki katikati hivyo."

Tukacheka sote. Mwanangu, tulicheka kweli. Yule mwanamke alikuwa ametuambia kila kitu, nasi tukaona ni mzaha.

Mara akaingia baba mkubwa, Mzee Jillo, ametoka kuswali adhuhuri. Alifika karibu na mlango, akainua mkono tunyamaze. Mkoromo mmoja mzito, wenye maji maji kooni. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu hadi nikajikuta nami nimezuia pumzi yangu. Kisha mkoromo mwingine.

"Wewe umekaa hapa unafanya nini?" akaniuliza.

"Nalinda usingizi wake, baba. Si ametoka fora?"

"Unalinda usingizi!" Akanisukuma kando. "Ng'ombe akipumua hivi mimi huchomoa kisu nimchinje kabla hajawa mzoga. Ingia!"

Tuliingia. Mzee alimwita kwa jina, akamtikisa, akamfinya sikio kwa kucha. Barisa hakukunja hata uso. Midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu, na kucha zake pia. Nilipomfunua jicho, mboni ilikuwa imesinyaa kama tundu la sindano. Mama alikuja mbio na kibuyu cha maziwa, akitaka kummiminia kinywani, kwa maana kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu.

"Shemeji, weka chini hicho kibuyu," Mzee akasema. "Hamezi. Utamzamisha kitandani."

Wakati huo mkoromo ulikuwa umekoma kabisa. Nikasema, "Baba, hapumui."

"Ndama akizaliwa hapumui unamfanyaje?"

"Nampulizia."

"Basi unangoja nini?"

Nikamlaza chali, nikamwinua kidevu, nikambana pua, nikampulizia mdomoni. Kifua kikapanda. Nikampulizia tena. Kijana mmoja akakimbia kuita pikapu ya mchuuzi wa mbuzi. Tulimpakia nyuma kwenye kinyesi cha mbuzi, nami sikuacha kupuliza hadi Garsen, huku Mama akiwa mbele na dereva, akilitaja jina la Mungu. Kila nilipoinua kichwa kuvuta pumzi yangu, niliogopa kwamba nikirudi chini nitakuta amekwisha.

Hospitalini daktari alimdunga dawa inayoondoa nguvu ya afyuni mwilini. Punde Barisa akafumbua macho, akaketi, akatukana.

"Nani amenitoa kitandani? Nipeni shati langu, naenda nyumbani."

Mama akaanza kushukuru na kukusanya nguo. Daktari akamzuia. "Mama, haendi popote. Dawa yangu itamwishia mwilini kabla ya zile tembe kumwishia." Na kweli, tukiwa tunamtazama, kichwa kikamwinama tena, ikabidi adungwe mara ya pili.

Ndipo daktari akatufafanulia. Mtu aliyezoea dawa hizi mwili wake huzoea kipimo kikubwa. Akikaa bila kutumia, mazoea yale huondoka, na kipimo cha zamani sasa kinaweza kumuua. Kule madukani Barisa alikuwa amemeza kiasi kilekile alichokuwa akimeza kabla ya fora. Na hata jina la tembe si la kuaminiwa, akasema, kwa kuwa za magendo zinaweza kuwa na kitu kikali zaidi ndani.

Alimpeleka kwenye kituo cha tiba, ambako alipewa dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, kwa kipimo, ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, pamoja na mshauri wa kuzungumza naye. Mzee Jillo hakupenda. "Mnamtoa kamba moja mnamfunga nyingine."

"Kweli, mzee," daktari akamjibu. "Lakini hii urefu wake naujua, na wakati ukifika nitailegeza polepole."

Barisa alipona, ila si kwa mstari ulionyooka. Aliteleza, akarudi kwenye tiba, akaendelea. Leo anafuga mbuzi huko Tarasaa. Lakini mwaka huu, mwanangu, tumezika kijana mwingine aliyetoka fora, mnene, mwenye kucheka. Nyumba nzima ilinyamaza ili apate kulala.

Kwa hiyo nisikilize. Tembe usizopewa na daktari usizionje, hata kama safari ni ndefu na kiuno kinauma. Ikiwa umeshanaswa, usiache ghafla peke yako, wala usikubali kupelekwa porini bila kuonwa na daktari, maana degedege halina huruma. Dawa ya kila siku si aibu, na kuteleza si sababu ya kuacha tiba. Uliyekaa bila kutumia, jua kwamba kipimo chako cha jana ni kaburi lako la leo. Nawe ukimkuta mwenzako anakoroma na kunyamaza, mwamshe. Asipoamka, usimnyweshe kitu. Kama anapumua vizuri mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie. Na vyovyote iwavyo, mkimbize hospitali, kaeni naye humo mpaka daktari aseme nendeni. Mwambieni daktari ukweli alichomeza. Wengi huificha tembe ili kulinda jina la ukoo, kisha hubaki na jina bila mtu.

Mungu akuepushe na tembe hizo, mwanangu. Na kama zimekwisha kukufikia, akujalie ndugu wasioona haya kukubeba mchana kweupe, kila mtu akiwatazama.