Chama cha Mwalimu Wakiuru

Huku kwetu Nyeri mwanamke akikwambia anaenda chama, humuulizi ni chama gani. Unajua wamekutana nyumbani kwa mmoja wao, kuna chai ya maziwa na mandazi, na wakiondoka mwenye nyumba atabaki na sufuria mpya. Mwanamume naye akisema chama, hapo ni siasa, na wewe unatafuta njia ya kuondoka polepole. Nawaambia haya mapema kwa sababu neno hilo ndilo lililomponza Wakiuru, na nisingependa mtu amcheke kabla hajajua lilimponza vipi.

Wakiuru alikuwa mwalimu wa chekechea huko Tetu, juu kule ambako majani chai yanakaribia msitu. Hakuisomea kazi. Alikuwa ametoka kidato cha nne, yuko nyumbani tu, mwalimu wa nasari akaenda kujifungua, na wazazi wakamwomba Wakiuru awashikie watoto mpaka mwenyewe arudi. Mwenyewe hakurudi. Wakiuru akaolewa na Kahiga, akapata Ngatia na dada zake, wakakua, na bado alikuwa amewashika watoto wa watu.

Mngemwona mwezi wa Julai mngempenda. Mama zao wanawaleta asubuhi na mapema wakienda kuchuma majani, baridi imewauma vidole hata kalamu haishikiki. Basi hawaanzi na kusoma. Anawaketisha duara, anachukua mikono ya mmoja anaisugua kati ya viganja vyake, huyo anamsugulia jirani, wanazunguka hivyo huku wakiimba mpaka vidole vyote vimepata moto. Hapo ndipo kalamu zinatolewa. Kahiga alizoea kumtania kwamba watoto wa wengine wanasuguliwa mikono na yeye anapewa chai baridi. Lakini hata yeye alijua kuwa mkewe hakuwa na tamaa nyingine duniani. Alitaka abaki na darasa lile mpaka azeeke, basi.

Sasa, siku moja saa ya uji, akaja msichana mmoja wa mjini, nadhifu, viatu vimejaa matope. Jina lake Sophie. Alikuwa akizunguka shule za Tetu kwa bodaboda kuwaandikisha walimu wa chekechea katika chama chao, walimu wenyewe kwa wenyewe, ili wasomeshwe na wapate wa kuwasemea. Hivyo ndivyo alivyokusudia kueleza. Lakini mtoto mmoja alikuwa amemwaga uji, mwingine analia, na Wakiuru amembeba wa tatu aliyelowa. Alisikia nusu. Alisikia chama, akasikia kwamba kuna mkutano Jumamosi kule Chaka.

"Asante, lakini mimi niko na chama," akamwambia. "Mbili zitanishinda."

Na hapa jamani ndipo pa kusikitika. Sophie naye alikuwa na yake kichwani. Siku hizo kulikuwa na kikundi kingine cha walimu wa chekechea, na hivyo viwili vilikuwa vinanyang'anyana watu. Aliposikia mama huyu ana chama, akajua ni cha wale wengine. Hakutaka kuonekana mchokozi. Akasema kwa heshima kwamba ni sawa, mwalimu, siwezi kukuvuta kutoka kwa wenzako. Wakiuru akamshukuru kwa kuelewa. Wakaagana vizuri kabisa, kila mmoja akiwa amemwelewa mwenzake, ati.

Jioni akamsimulia Kahiga, na Kahiga akasema alifanya vyema, chama cha watu wa mbali mtu anaingiaje. Tena Chaka? Waje wachukue sufuria za Tetu wapeleke kwao huko Kieni?

Mwaka ukapita. Murugi, rafiki yake wa tangu utotoni, alifundisha chekechea ng'ambo ya mto. Yeye aliandikishwa na Sophie siku ileile. Walipokutana mazishini, Murugi alikuwa na habari nyingi. Alikuwa anasoma chuoni kila likizo. Alimweleza Wakiuru kwamba kumbe mwalimu wa nasari anaweza kuwa mambo mengi: anaweza kusomea kufundisha watoto wasiosikia vizuri, anaweza kuwa mkaguzi, anaweza hata kuwafundisha walimu wengine. Yeye Murugi alikuwa amechagua hao wasiosikia. Wakiuru alimsikiliza kwa mshangao, kwa maana miaka hiyo yote alidhani nasari ni chumba chenye mlango mmoja. Akamuuliza nani amemwonyesha hayo. Murugi akajibu, "Si ni chama." Wakiuru akaona wivu kidogo, akasema chama chao wana bahati, yake bado iko kwa blanketi. Murugi akacheka, akadhani ni mzaha. Mwili ukatolewa, wakaenda kaburini.

Kisha ikaja amri kwamba hakuna atakayefundisha chekechea bila cheti. Wale wa zamani wasio nacho waje Nyeri mjini kwa intaviu. Walio masomoni tayari wangeachiwa madarasa yao mpaka wamalize. Wakiuru alivaa koti lake la kanisani. Hakuogopa sana. Watu wangekosaje kuona kwamba anaijua kazi?

Ndani walikuwa watu watatu mezani. Walimuuliza vizuri, akajibu vizuri. Akawaeleza habari za vidole na baridi, na mama mmoja wa hapo akatabasamu. Huyo mama ndiye aliyetaka kumsaidia. Alijua kwamba vyama vya walimu vilikuwa na nafasi za masomo, na aliye katika chama angeweza kuombewa nafasi hata kama amechelewa. Akamuuliza, "Mwalimu, wewe uko chama gani?"

"Niko Tumaini."

Wakatazamana. Mama yule akasema hicho hawajakisikia, ni kipya? Kimewasaidia vipi walimu wake?

"Tulianza na sufuria," Wakiuru akasema. "Saa hii tuko kwa blanketi. Zamu yangu ni Desemba."

Walicheka wote watatu. Hawakucheka kwa ubaya, nitawatetea hapo. Kicheko kiliwatoka tu. Wakiuru akacheka nao, akaona mambo yameenda sawa. Akatoka na tabasamu lake, akamkuta Murugi kwenye benchi akingoja kuonyesha barua ya chuo, akamsimulia.

Murugi hakucheka. Alimshika mkono. "Mama Ngatia," akasema, "hawakuwa wanauliza hiyo chama."

Akamfafanulia pale pale, taratibu, kama unavyomfafanulia mtoto. Wakiuru alisimama akitazama mlango aliotokea. Alitaka kurudi ndani, lakini mwingine alikuwa ameshaitwa.

Alimpigia Sophie kwa namba aliyopewa na Murugi. Sophie alimkumbuka, tena alihuzunika kweli. "Uliniambia uko na chama, mwalimu. Nikaona nikuheshimu." Akamwambia kuandikishwa ataandikishwa hata leo, ila nafasi za chuo za watu wa umri wake zilikuwa zimefungwa, na haijulikani kama zitafunguliwa tena. Wakiuru akamwambia si makosa yake. Na kweli hayakuwa. Hayakuwa ya mtu, na hilo ndilo lililomnyima hata wa kumkasirikia.

Muhula uliofuata akaja Shiku, mwalimu mpya mwenye diploma, binti mwenye adabu. Kamati ya shule ilimhurumia Wakiuru ikampa kazi ya kupika uji. Kahiga alisema hiyo ni dharau, abaki nyumbani wachume majani pamoja. Kwa siku kadhaa alibaki. Kisha asubuhi moja akajifunga leso akapanda kwenda jikoni, kwa kuwa watoto walikuwa bado ni walewale.

Saa ya uji wakamkimbilia wote, teacher, teacher, wakimvuta sketi. Shiku akatoka mlangoni. Hakukaripia. Aliwaambia kwa sauti tamu kwamba teacher sasa ni yeye, na huyu ni auntie. Watoto wakaiachia sketi. Mmoja wao, Beth, mwenye pengo la meno ya mbele, akabaki na kikombe chake mkononi, akimtazama huyu, akimtazama yule.

"Teacher?" akamuuliza Wakiuru.

Wakiuru alichutama mpaka macho yao yakawa sawa. Kikombe kilikuwa baridi, na vidole vya mtoto pia. Hakuvigusa.

"Mimi ni auntie," akasema. "Teacher ni yule pale. Umesikia?"

Beth akafikiri. Akamtazama Shiku, Shiku akaitikia kwa kichwa. Basi akainua kikombe.

"Niwekee uji, auntie," akasema, na wengine nyuma yake wakapanga foleni, wakisema vivyo hivyo.