Ufunguo Nilioupandisha Mlimani

Niliondoka kwa sababu nilimfokea mama aliyekuwa katika uchungu wa kujifungua, na jioni yake sikukumbuka hata jina lake. Mimi ni mkunga katika zahanati ndogo ya bondeni, si mbali na Mtowisa. Kwa muda mrefu sala yangu ilibaki ishara ya msalaba tu mlangoni mwa chumba cha kuzalishia. Nikaomba siku tatu za mafungo kwa masista, huko juu Ufipa, njia ya Chala.

Ijumaa asubuhi nilimwachia zamu Editha, muuguzi mwenzangu pekee.

"Mama Festo siku zake zimefika," nilimwambia. "Uzazi uliopita alitokwa damu nyingi. Sindano za kuzuia damu zipo kwenye jokofu."

"Nenda dada, utuombee."

Nikapanda lori la mpunga. Bondeni nilikuwa nalowa jasho. Tulipomaliza kona za mlima nilikuwa nimejifunika khanga mbili na bado meno yanagongana.

Jioni, mafungoni, Sista Leokadia, mwenyeji wetu, alipitisha kikapu cha kukusanyia simu.

"Zima, uweke humu. Mungu hana namba yako," akatania.

Nilizima kwa furaha. Nililala usingizi nisioujua tangu nikiwa chuoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa kanisani, kimya kabisa. Niliingiza vidole katika kipochi cha rozari, nikagusa chuma. Ufunguo wa jokofu la dawa!

Kufuli lile nililitia mwenyewe. Siku moja nilikuta samaki wa mtu na soda mbili juu ya chanjo, hasira zikanipanda, nikanunua kufuli, na ufunguo sikumkabidhi mtu. Nilijiona ndiye pekee wa kuaminika. Sasa nilikuwa nimepanda nao mlima.

Nilitoka mbio. Sista alinirudishia simu bila swali. Nikampigia Editha: hapatikani. Nikarudia tena na tena.

"Nenda, mwanangu," alisema Sista. "Sisi tutasali hapa."

Saa nne nilikuwa Sumbawanga, nikamsimamisha dereva wa bodaboda.

"Unaweza kunifikisha Mtowisa haraka?"

"Breki zipo, mama. Barabara ndiyo haipo."

Tuliteremka mlima kwenye mawe na vumbi. Mashamba ya ulezi yakabaki juu, joto likatupokea. Nilisali kwa sauti njia nzima, bila mpangilio, nikimwambia Mungu anichukulie chochote ila asimchukue Mama Festo. Dereva alikuwa akiitikia amina kila kona.

Saa saba mchana nilifika. Kufuli lilikuwa sakafuni, limepasuka. Editha alikuwa anafua mashuka, maji ya beseni mekundu.

"Mama Festo?" niliuliza.

"Yuko wodini, anakunywa uji. Amejifungua alfajiri, mtoto wa kike. Damu ilimtoka, dada, ilimtoka! Nikakupigia, umezima, mara mtandao nao ukapotea. Baba Festo akaleta nyundo."

Nikakaa chini palepale, nikalia. Editha akafuta mikono.

"Ningekuomba huo ufunguo zamani," alisema polepole. "Nilikuwa nakuogopa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilimwomba radhi, nikaingia wodini kumwomba radhi na Mama Festo. Alikuwa amepauka, mtoto kifuani.

"Umerudi mapema," alisema. "Walituambia umekwenda kutuombea."

"Nilikwenda, ila sijamaliza."

"Basi rudi ukamalize. Huyu bado hana jina, nakusubiri."

Jumapili alfajiri nilinunua kufuli jipya dukani kwa jirani, nikampa Editha funguo zote mbili, nikapanda lori tena. Nilikuwa nimeamini kwamba kuhudumia watu ndiko kulikoninyima nafasi ya kusali. Kilichoninyima ni kutaka kila kitu kipite mikononi mwangu, tabia niliyoiita huduma.

Nilifika misa ya kufunga mafungo ikiwa inaanza. Nikapiga magoti nyuma, nikafungua kipochi. Ndani mlikuwa na rozari tu.