Trela Iliyomfanya Shangazi Mchawi

Mwalimu wetu wa filamu Dar es Salaam alikuwa na kanuni chache za trela, yaani kionjo cha filamu, nami nilizihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu madrasa. Anza na utulivu. Uvuruge. Uliza swali, usilijibu. Tena alitufundisha kwamba picha mbili zikiunganishwa huzaa ya tatu, ambayo haimo kwenye mkanda, imo kichwani mwa mtazamaji.

Ilikuwa miaka ya sabini. Zoezi letu lilikuwa trela ya dakika mbili, ya filamu ambayo haijatengenezwa. Nikaenda kijijini Mkange kwa shangazi yangu, mkulima wa mihogo na ufuta, nikamwomba aniigizie. Hadithi ilikuwa nyepesi: mtoto anaugua, jirani anambeba mgongoni hadi zahanati, anapona. Shangazi akawa huyo jirani. Mtoto wa nyumba ya pili akawa mgonjwa, na mama yake mzazi akaigiza mama.

Dar nikakata na kuunga. Shangazi anachungulia juu ya ua. Mtoto yuko hoi jamvini. Shangazi anaondoka na kikapu, hageuki nyuma. Mama anajifunika uso kwa kanga. Basi. Pale anapombeba mtoto nilipatoa, maana jibu halitolewi. Mwalimu alinipa alama za juu darasani.

Nikapeleka trela Mkange kuwaonyesha wenyewe. Mchana ule tuliziba madirisha ya shule kwa majamvi. Watu walicheka kuona sura wanazozijua, kisha kicheko kikakatika. Nilidhani wamenogewa. Nilipoondoa jamvi la kwanza nikamwona mama wa mtoto amempakata mwanawe, anamsomea Ayatul Kursi. Mzee mmoja akasema taratibu, "Leo tumeonyeshwa."

 Kiti cha shangazi kilikuwa kitupu.

Nilimkuta njiani, anatembea haraka.

"Shangazi, nisikilize. Ni kanuni tu ya trela."

Akasimama. "Nimekaa hapa tangu niolewe. Nimewakanda wanawake wao wakishajifungua, nimewaosha maiti wao. Leo wewe, damu yangu, umenifanya mchawi mbele yao?"

"Sikukusudia."

"Sikukuuliza ulichokusudia. Rudi ukawaambie."

Nilirudi mbio shuleni. Mkobani nilikuwa na vipande nilivyovikata. Nikavishika mbele ya dirisha, nikawaita waje mmoja mmoja watazame kwenye mwanga. "Hapa shangazi anachungulia kuku, mtoto hayupo kabisa. Na hapa amembeba. Mimi ndiye niliyekitoa kipande hiki."

Mama wa mtoto alikitazama muda mrefu. "Kwa nini ukitoe?"

Jibu la darasani lilinijia, nikaona aibu kulitamka. "Nilitaka mshtuke," nikasema.

"Tumeshtuka," akajibu.

Jioni alikwenda na mwanawe kwa shangazi, wakakaa jikoni kama kawaida yao. Yule mzee hakuja, na nasikia miezi kadhaa alikuwa akipita njia ya nyuma, kuukwepa mlango wa shangazi.

Niliirudisha trela Dar nikakiunga kile kipande mwishoni. Mwalimu akaniambia nimeiharibu, akanipunguzia alama. Shangazi aliniita tena wakati wa kuvuna ufuta, tukafanya kazi siku nzima bila kuligusa jambo lile. Kamera niliiacha mjini.