Hodi ya Mchana, Ngombezi

Dada yangu anauguza wazee huko Stockholm. Siku aliyosafiri kwenda Roma kwenye harusi ya rafiki yake, mimi nilikuwa nimetoka Handeni asubuhi kuja Ngombezi kumwona mama, ambaye bado anaishi kwenye nyumba za kambi ya mkonge. Dada alitupigia simu kabla ya kupanda ndege. Alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi uwanjani, sauti imechoka kabisa.

"Ni mbali huko anakokwenda?" mama aliniuliza.

"Karibu kilomita elfu mbili. Ndege inakwenda kama saa tatu."

"Saa tatu! Mbona basi la Dar lenyewe halifiki kwa saa tatu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye tulikuwa ndani, mama anachambua maharage, mimi nimejinyoosha mkekani. Watu wengi walikuwa shambani, kambi imetulia.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya dada. Sisemi ilifanana na yake. Ilikuwa yake, na ule mkwaruzo wa uchovu niliousikia kwenye simu.

"Hodi hapa. Mama?"

Niliinuka. Mama akanishika mkono kwa nguvu, maharage yakamwagika. "Usiitike," alininong'oneza. "Mpaka umwone."

Ndivyo tulivyolelewa: sauti ya mtu usiyemwona haiitikiwi. Chini ya pazia la mlangoni niliona kivuli cha mtu aliyesimama. Akaniita kwa jina la utotoni, ambalo siku hizi halitumiwi na mtu mwingine ila yeye.

"Mbona mmenyamaza?"

Mama hakuuachia mkono wangu. Kivuli kikakaa kidogo, kisha kikaondoka. Nilipotoka sikukuta mtu. Jirani yetu alikuwa kibarazani kwake, anatwanga kisamvu.

"Dada yako kaja lini?" aliniuliza. "Nimemsikia anapiga hodi. Mbona hamkumkaribisha?"

Nilirudi ndani nikapiga simu ya dada, haikupatikana. Nikamwambia mama kwamba angani simu huzimwa. Hakunisikiliza. Alikuwa amekaa chini kati ya maharage, anasoma dua, na nilijua anamwombea dada kama maiti. Kila baada ya muda alinyanyua uso: "Amefika?"

"Bado, mama."

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipolia. Dada alikuwa anacheka, anasema Roma kuna joto kama la Korogwe. Mama aliangua kilio. Mimi niliweka simu kwenye spika, nikamuuliza tu kama safari ilikuwa nzuri.

"Nimelala njia nzima," alisema. "Halafu nimeota vibaya. Nimefika hapo nyumbani, napiga hodi, nawasikia kabisa mnanong'ona ndani, na hakuna anayeniitikia. Nimeamka nalia, mpaka mama wa watu niliyekaa naye akanishika mkono."

Mama aliichukua simu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu ndani."

"Mama? Niko Roma, mama."

"Najua. Karibu tu."

Nikamsikia dada akisema, taratibu sana, "Ahsante, mama."

Hatujamwambia mpaka leo. Jirani naye nilimdanganya kwamba alisikia redio, akanitazama, akaendelea kutwanga.