Nguo ya Dada wa Kwenye Gemu

Ipo siku moja siisahau, mwanangu unayesoma haya. Ilikuwa msimu wa korosho, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, nami ni msichana mshona nguo hapa Magomeni, Mtwara. Mchumba wangu Shaibu aliingia na karatasi ya rangi mkononi, anatabasamu kupita kiasi. Tangu hapo, mtu akinitabasamia hivyo mimi namshuku kwanza, salamu baadaye.

Shaibu alikuwa anafungua kibanda cha gemu za televisheni, maana vijana wa Nanyamba wakishauza korosho hushuka mjini kutafuta starehe. Kwenye ile karatasi kulikuwa na picha ya dada wa kwenye gemu. Kashika upanga, kifua kinataka kutoka nje, na chini kavaa kitu ambacho hata leso ya jasho ni kubwa kuliko hicho.

"Jishonee kama hii," akaniambia. "Siku ya kufungua usimame mlangoni. Vijana watajaa!"

Nikaipokea ile karatasi. Nilimpenda, na mahari ilikwishapokelewa nyumbani. Sikufichi, nilishaanza kuwaza nitapata wapi kitambaa cha kumetameta.

Aliyenizuia ni Bi Salima, somo wangu, yule mama aliyenifunda unyagoni. Nilipomwonesha ile picha hakunigombeza. Alijitanda kanga, tukaongozana hadi kibandani, akaomba aoneshwe gemu lenyewe. Akatazama, macho kayafinya kama anayechagua mawe kwenye mchele.

"Huyu mwanamume mbona kavaa chuma mpaka vidoleni?"

"Yuko vitani, bibi. Asiumie," akajibu Shaibu.

"Na huyu dada yuko vita gani?"

"Hiyo hiyo."

"Eti? Kwa hiyo yeye panga halimkati?"

Vijana waliokuwa wanajaribu gemu wakaangua kicheko. Shaibu akaona haya, akajibu kwa hasira, "Mbona huko unyagoni mnakata viuno, na ngoma tunaisikia?"

"Kule tupo wanawake watupu, mlango umefungwa, na mwali anaambiwa mwili ni wake," akasema Bi Salima. "Huyu kavuliwa nguo na nani, na kwa faida ya nani? Hapa pana jambo, mjukuu wangu. Silipendi." Kisha akanigeukia. "Mshonee mchumba wako kwanza. Iwe fupi vile vile. Mlangoni asimame yeye."

Nikavuta futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, nikamwendea Shaibu kiunoni. Aliruka nyuma kama kamwagiwa maji ya moto.

"Una wazimu? Unataka kunidhalilisha mbele za watu?"

Mwanangu, neno lile liliniuma kuliko ile picha. Kumbe alijua kuwa ni kudhalilishwa! Alijua tangu anatoka kwao na ile karatasi, ila aliona kwangu mimi si kitu. Kabla msimu haujaisha mahari ilirudishwa, na nililia sana.

Siku hizi gemu ziko kwenye simu, kila kijana anazo mfukoni, na wale dada bado hawajavalishwa. Sikukatazi kucheza. Nakuomba uwe mtu wa kushuku. Kama wewe ni binti, mtu akikusifia vazi la namna ile, muulize kama yeye angelivaa akapita nalo sokoni. Na kama wewe ni wa kiume, kila unapomwona mwanamke kachorwa hivyo, jiulize aliyemchora anataka umtazameje mama muuza mihogo hapo nje, na umtazameje dada yako. Ukiona umeanza kuwatazama kama wa kwenye gemu, zima simu, utoke ukawasalimie.

Mungu akukinge na wanaokupamba kwa faida yao. Akupe mwenza asiyekupeleka mahali ambapo yeye mwenyewe asingesimama. Amina.