Chuma cha Kengele

Kwa miaka mingi nilikana kwamba napenda kutawala. Walimu wenzangu waliponitania nilicheka kuliko wote, nikasema mimi ni mwalimu tu wa somo la uraia, mtu wa chaki na kikohozi. Sasa nimestaafu, niko kijijini Lusangi katikati ya mihogo yangu, na hakuna wa kunisikia isipokuwa kuku. Naweza kusema: nilipenda sana.

Mapenzi hayo yalianza siku ya kwanza kazini, katika shule ya sekondari ya Kasongo. Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa mzee aliyevaa koti la sufu hata wakati wa joto. Alinikabidhi somo ambalo wenzangu wote walilikimbia.

"Madamu, wewe umetoka iniversite. Utafundisha uraia. Na mambo ya Wamarekani iko ndani ya programu, usiniulize sababu."

"Na kitabu, Bwana Prefe?"

"Kitabu iko mu kichwa yako. Si ndiyo maana walikupa diploma?"

Kisha akatoka nje, akachukua kipande cha chuma, akagonga rimu ya lori iliyoning'inia mbele ya ofisi badala ya kengele. Ukungu wa mto Lualaba ulikuwa haujainuka, na mlio ule uliingia ndani yake polepole, kama mtu anayeshuka majini. Shule nzima ikanyamaza. Chuma kile hakikuguswa na mkono mwingine. Nilikitamani papo hapo, kisha nikaenda darasani kufundisha kwamba madaraka ni kitu cha hatari.

Enzi zetu mwalimu hakuingia darasani bila fishi, karatasi ya maandalizi ambayo mkaguzi angeweza kuidai wakati wowote. Kwenye fishi yangu niliandika: serikali hupata nguvu zake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa; anayetunga sheria asiwe anayeitekeleza, wala asiwe anayehukumu. Baada ya hapo nilifumba macho kidogo. Niliwaona waanzilishi wale wa Marekani ndani ya ukumbi wao, madirisha yamefungwa wakati wa joto, nywele za bandia vichwani, wakitokwa jasho kama wapakiaji wa mawese, wakiogopana. Hilo ndilo lililonivutia. Waliandika kama watu waliojijua.

Nilipohamishiwa Wamaza, nilikwenda juu ya pikipiki, fishi zangu ndani ya sufuria zisiloane. Huko kila darasa lilikuwa na kapita, mwanafunzi anayewasimamia wenzake mwalimu anapotoka. Kapita aliandika ubaoni majina ya wapiga kelele, nao walitumwa kufyeka majani bila kuulizwa neno. Mimi nikagawa madaraka: mmoja aandike majina, mwingine asikilize utetezi, darasa lipange adhabu. Baada ya muda mkurugenzi wa masomo akaniita.

"Madamu, majani imefika mu dirisha. Hakuna tena wa kufyeka?"

"Kesi zinaendelea, Bwana Direkta."

"Basi uhuru wenu umetuletea nyoka."

Nilirudi Kasongo, na hatimaye mimi mwenyewe nikawa prefe. Chuma kikawa changu. Lakini saa zangu za uraia sikuziacha, na ndizo zilizonikutanisha na Zaina, binti wa mwenye duka karibu na msikiti.

"Madamu, wale walioandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, walikuwa na watumwa?"

"Wengi wao, ndiyo."

Katika Kasongo, mji uliokuwa soko la watumwa zamani, swali hilo halikuwa la Wamarekani peke yao. Kwenye benchi moja walikaa watoto ambao wazee wao wa kale waliletwa hapa wamefungwa kamba, na watoto ambao wazee wao waliishika kamba hiyo. Wengine walitoka pande zote mbili.

"Basi ile maneno ilikuwa uongo," Zaina akasema.

"Maneno yaliwashinda walioyaandika," nilisema. "Waliofungwa ndio walioyaokota, wakawaambia: someni tena, na sisi tumo."

"Na ule jenerali wao, rais wa kwanza, aliyeacha urais akarudi shambani?"

"Hilo alilifanya vizuri, ingawa shamba lenyewe lililimwa na watumwa."

"Na wewe, Madamu Prefe, utarudi shamba lini?"

Walicheka mpaka benchi zikagongana. Nami, kwa kiburi cha mwalimu anayependwa, nikaahidi mbele yao wote: siku mmoja wenu atakapokuwa tayari kukaa kwenye kiti changu.

Zaina alisoma, akarudi na diploma, akawa mwalimu shuleni kwangu, kisha msaidizi wangu. Kwetu mwalimu hastaafu, anachakaa. Kamati ya wazazi ilinisihi: "Madamu, ukitoka, shule inaanguka." Nikajibu kwamba sitaki makuu, nikabaki. Mwaka uliofuata walinisihi tena. Uliofuata huo sikungoja kusihiwa.

Ikaja asubuhi moja ya malaria. Nilifika nimechelewa, nikijikokota, nikakuta wanafunzi na walimu wamesimama uwanjani ndani ya ukungu, wanaitazama rimu.

"Mbona hamkuingia?"

"Chuma iko kwako, Madamu," Zaina akasema kwa upole.

Shule niliyoifundisha ridhaa ya wanaotawaliwa haikuweza hata kuanza siku bila mkono wangu. Muhula ulipoisha niliandika barua ya kuacha kazi, na Zaina akawa prefe.

Uhuru, kwenye fishi yangu, ulikuwa kutokuwa na bwana. Huku Lusangi nimeiona nusu ya pili: kutokuwa bwana. Niliipenda sentensi hiyo, nikaizungusha kichwani wiki nzima huku nikingoja simu ya kuniambia kwamba shule imeanguka. Maana nilipofungua mizigo nilikuta chuma kati ya vitenge vyangu, na jinsi kilivyoingia humo sitaapa mbele ya mtu.

Simu ikalia. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, nikapanda.

"Jambo, Madamu. Shamba iko namna gani?"

"Nzuri. Zaina, chuma ya kengele iko kwangu. Kesho nitaituma na mutu wa pikipiki. Najua mumekwama."

"Chuma gani? Aa, ile! Tulipata ingine siku ileile. Sasa kila mutu anagonga kwa zamu yake. Ile yako chimbia mihogo." Akacheka. "Mimi nilitaka tu kujua kama malaria imeisha."

Nyuma yake rimu ililia, vibaya, bila mpangilio, kwa mkono wa mtoto.

"Tunaingia, Madamu," akasema, akakata.